Sukari mbadala ni salama? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila wiki kwenye kaunta za maduka ya dawa, foleni za kliniki za kisukari na makundi ya WhatsApp ya wazazi. Yamepewa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno. Mwenye haraka aanze na la 6, la 14 na la 20.

## Ya msingi

1. Sukari mbadala ni kitu gani hasa?

Ni kiambato kinachotia utamu badala ya sukari, chenye nishati kidogo sana au kisicho nayo kabisa. Vinavyokutwa zaidi ni sakarini, saiklameti, aspatemi, asesulfemi-K, sukralozi na stevia. Utamu wake ni mkali kupindukia: aspatemi na asesulfemi-K ni tamu kama mara 200 kuliko sukari, sakarini mara 300 au zaidi, sukralozi mara 600. Saiklameti ndiyo dhaifu, mara 30 hadi 50 tu. Ukumbuke udhaifu huo. Utakuwa na maana kubwa kwenye swali la 20.

Kuna kundi la pili: sobitoli, zailitoli na erithritoli. Haya huwekwa kwenye bigijii, pipi na dawa za meno, na utamu wake ni sawa na wa sukari au chini kidogo. Yakizidi tumboni huleta gesi na kuharisha. Mzazi ambaye mtoto wake amewahi kumaliza pakiti nzima ya bigijii isiyo na sukari hahitaji maelezo zaidi.

2. Ni kweli zilitokana na lami na dawa ya wadudu?

Nusu ya habari hiyo, ile ya lami, ina mizizi. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na Constantin Fahlberg, aliyekuwa akichunguza kemikali zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Alikwenda kula bila kunawa vizuri, mkate ukawa mtamu. Karibu zote zina hadithi ya aina hiyo. Michael Sveda aliionja saiklameti mwaka 1937 kwenye sigara aliyokuwa ameiweka mezani maabara, na James Schlatter aliilamba aspatemi kidoleni mwaka 1965 alipokuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Sukralozi ilipatikana London mwaka 1976 watafiti wakisaka matumizi mapya ya sukari viwandani.

Lakini kujua kitu kilitoka wapi hakukuambii kama kinadhuru. Dawa nyingi za maumivu tulizo nazo kabatini zina asili hiyohiyo ya makaa ya mawe, na uyoga wa sumu ni wa asili kabisa.

3. Nitajuaje kama imo kwenye kinywaji changu?

Soma orodha ya viambato, maandishi madogo ya nyuma. Tahajia za Kiingereza zinaweza kukuchanganya, ila namba hazibadiliki: E950 ni asesulfemi-K, E951 aspatemi, E952 saiklameti, E954 sakarini, E955 sukralozi, E960 stevia. E420 ni sobitoli, E967 zailitoli, E968 erithritoli.

Usiangalie soda za zero na diet peke yake. Vinywaji vingi vya kawaida, juisi za unga, vinywaji vya kuongeza nguvu na hata mtindi wa ladha huchanganya sukari kidogo na kiongeza utamu. Wapo watu wanaoapa hawajawahi kugusa kitu hiki, kumbe wanakinywa kila siku wakisubiri mwendokasi Kimara.

4. Stevia ni jani, kwa hiyo haina shida?

Mmea wenyewe asili yake ni Paraguay. Kinachouzwa dukani, hata hivyo, si majani yaliyopondwa. Ni glaikosaidi, yaani viambato vitamu vya jani hilo, zilizochujwa na kusafishwa kiwandani. Hizo ndizo zilizopimwa na kupewa kikomo, miligramu 4 za steviolo kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Pia kopo lililoandikwa stevia linaweza kuwa na erithritoli nyingi kuliko stevia yenyewe (swali la 16), au sukari ya aina nyingine ya kujazia. Geuza kopo usome.

5. Mimi natumia asali na sukari guru. Hizo si bora?

Hizo ni sukari. Asali ina glukosi na fruktosi, sukari guru ni juisi ya miwa iliyochemshwa ikaganda. Zote mbili zitapandisha sukari ya damu ya mgonjwa wa kisukari, na mgonjwa anayemimina asali kwenye uji kwa sababu ni dawa anajidanganya. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulini.

## Kansa

6. WHO si walisema soda za zero zinaleta kansa?

Hili ndilo swali linaloongoza. Taarifa rasmi ilitoka tarehe 14 Julai 2023, na siku hiyo yalitoka majibu mawili kutoka kamati mbili tofauti. Ujumbe uliosambaa ulibeba moja.

Kamati ya kwanza ni ya IARC, shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani (WHO), lenye makao Lyon, Ufaransa. Iliiweka aspatemi kundi la 2B: "huenda" inasababisha kansa, kwa ushahidi finyu uliohusu saratani ya ini. Kamati ya pili ni JECFA, ya pamoja ya WHO na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), inayopima viongezwa vya chakula. Hii ilipitia ushahidi ikasema hakuna sababu ya kubadilisha kikomo cha zamani cha miligramu 40 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Majibu hayo hayapingani, kwa sababu maswali yao ni tofauti. IARC huuliza: je, kuna dalili yoyote kwamba kitu hiki kinaweza kuleta kansa, kwa kiwango chochote? JECFA huuliza: kwa kiasi ambacho watu hula, kuna hatari? Kundi la IARC hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukali wa kitu. Ndiyo maana kwenye 2B limo pia dondoo la jani zima la aloe vera. Nyama nyekundu iko juu yake, kundi la 2A, pamoja na vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto zaidi ya nyuzi 65. Kundi la 1, la vitu vilivyothibitika, lina tumbaku, pombe, soseji na nyama nyingine za kusindikwa, na sumukuvu.

Sumukuvu ndiyo ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kama kuna ujumbe wa kusambaza kwa ndugu kuhusu kansa ya ini, waambie kwanza wasisage mahindi yaliyovunda.

7. Kikomo hicho ni soda ngapi?

Mtu mzima wa kilo 70 anaruhusiwa miligramu 2,800 za aspatemi kwa siku. Kopo moja la soda ya diet huwa na kama miligramu 200 hadi 300. WHO wenyewe walipiga hesabu: angehitaji makopo zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku, kila siku, bila kupata aspatemi kwingine.

Kikomo hiki hupatikana kwa kuchukua kiasi ambacho hakikuonyesha madhara kwa wanyama wa maabara, kisha kwa kawaida kukigawanya kwa 100. Mtu akikivuka siku moja kwenye sherehe hajajitia sumu. Kinachoangaliwa ni kiasi cha kila siku, maisha yote.

Kila kiongeza utamu kina kikomo chake. Hivi ni vya JECFA, kwa kilo ya uzito: sakarini miligramu 5, saiklameti 11, asesulfemi-K 15, sukralozi 15. Mamlaka nyingine hutofautiana. Marekani huruhusu aspatemi hadi 50 lakini sukralozi 5 tu, na Ulaya mwaka 2024 ilipandisha sakarini hadi 9.

Hesabu yote hii inafanya kazi pale tu unapojua umekunywa nini na kiasi gani. Hapo ndipo msimamo wa ukurasa huu ulipo: soda yenye lebo tunaweza kuijadili kwa namba. Kisicho na lebo ndicho cha kuogopa.

8. Na wale panya waliopata kansa ya kibofu kwa sakarini?

Ni kweli walipata. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitaka kuipiga marufuku. Wananchi wakapiga kelele, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mbadala mwingine sokoni, na bunge likaamua iuzwe ikiwa na onyo.

Baadaye ikaeleweka kilichotokea. Mkojo wa panya dume ukipata dozi kubwa mno ya sakarini hufanya vijiwe vidogo vinavyokwaruza kibofu, na mkwaruzo wa muda mrefu ndio unaozaa uvimbe. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. IARC iliishusha hadi kundi la 3 mwaka 1999, na onyo likaondolewa Marekani mwaka 2000. Vijarida vya zamani havijui, ndiyo maana bado mtu anakuletea picha ya panya.

9. Mbona Marekani saiklameti ni marufuku na kwingine inauzwa?

Ilizuiwa kuanzia mwishoni mwa 1969, baada ya panya waliopewa mchanganyiko wa saiklameti na sakarini kupata uvimbe wa kibofu. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba saiklameti huleta kansa, lakini zuio halikuondolewa. Ulaya na nchi nyingi nyingine zinairuhusu kwa kikomo. Siasa ya nchi moja na ushahidi wa kisayansi havitembei kwa mwendo mmoja.

10. Aspatemi ikifika tumboni inageuka methanoli, si ndiyo inayoua watu kwenye gongo?

Ni kitu kilekile, ila kwa kiasi kingine kabisa. Aspatemi humeng'enywa kuwa vitu vitatu: fenilalanini, asidi ya aspatiki, na methanoli ambayo ni kama asilimia 10 ya uzito wake. Kopo lenye miligramu 250 linakupa kama miligramu 25 za methanoli. Glasi ya juisi ya matunda au ya nyanya ina methanoli ya kwake, mara nyingi zaidi ya hiyo, na ini huishughulikia kila siku. Gongo lililochanganywa na methanoli hupeleka gramu kadhaa mwilini kwa mkupuo, yaani mamia ya mara.

Ujumbe wenyewe, unaotaja upofu, degedege na kupoteza kumbukumbu, si mpya. Ulizunguka kwa barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990, ukahamia simu zetu na maneno karibu yaleyale.

11. Nimeona utafiti mpya wa Ufaransa unasema kansa inaongezeka. Niuamini?

Uamini kwa kile unachosema. Utafiti uitwao NutriNet-Santé, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia watu wazima 102,865, na waliotumia zaidi viongeza utamu walikuwa na hatari ya kansa iliyozidi kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na wasiotumia. Ni kazi kubwa na ya makini.

Shida ni kwamba anayechagua soda ya diet mara nyingi ana sababu: uzito umeongezeka, sukari imeanza kupanda, daktari amemkemea. Mambo hayo yenyewe huongeza hatari ya magonjwa. Watafiti hujaribu kuyaondoa kwa hesabu, lakini hayaondoki yote. Utafiti wa aina hii unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja. Hauonyeshi nani anamvuta mwenzake. Ni sababu nzuri ya kuendelea kuchunguza, wala si ya kumwaga chupa uliyonayo mkononi.

## Uzito, kisukari na moyo

12. Nikihamia soda ya zero nitapungua?

Kidogo, huenda, kwa muda mfupi. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari. WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Chupa moja tu imeshapita kiwango hicho bora. Kwa mtu anayekunywa chupa mbili au tatu kwa siku, kuondoa sukari hiyo si jambo dogo, na majaribio ya muda mfupi yanaonyesha uzito unashuka kiasi.

Tatizo ni miaka inayofuata. Tarehe 15 Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo ikishauri viongeza utamu visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Huo ni ushauri wa masharti, kwa kuwa ushahidi wenyewe una mashaka yaliyoelezwa kwenye swali la 11. Na kuna jambo ambalo hakuna utafiti unaohitajika kulisema: anayeagiza zero ili ajiruhusu chipsi mayai na mishikaki kumi hajapunguza kitu.

13. Mama yangu ana kisukari. Atumie?

Mwongozo huo wa WHO wa 2023 uliwaweka kando watu ambao tayari wana kisukari, haukuwahusu. Viongeza utamu hivi havipandishi sukari ya damu moja kwa moja kama sukari inavyofanya, na kwa mama aliyezoea chai ya vijiko vinne, kidonge kimoja kinaweza kuwa daraja la kumvusha. Bora zaidi azoee utamu kidogo kidogo, kijiko kimoja kipungue kila wiki chache.

Usisahau kilicho pembeni ya kikombe. Chai ya vidonge ikisindikizwa na maandazi matatu bado ni mlo wa wanga mwingi. Biskuti zilizoandikwa za wagonjwa wa kisukari nazo ni unga wa ngano, hata kama hazina sukari.

14. Sukari yake ikishuka ghafla, nimpe soda ya zero?

Hapana. Soma hili hata kama hutasoma mengine.

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushuka chini ya 4 (milimoli kwa lita) kwenye kipimo cha kidole: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Wakati huo anahitaji sukari yenyewe, kama gramu 15: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini. Soda ya zero, stevia au vidonge vya utamu havitamsaidia chochote, na kila dakika inapotea. Kama amepoteza fahamu usimtilie kitu mdomoni, mpeleke hospitali. Kwenye nyumba iliyohamia sukari mbadala, acheni pakiti ndogo ya sukari ya kawaida mahali kila mtu anapajua, pamoja na dada wa kazi.

Aliyefunga Ramadhani naye akishuka chini ya 3.9 anashauriwa afungue, hata kama magharibi imebaki nusu saa, na afungue kwa kitu chenye sukari.

15. Zinaharibu bakteria wazuri wa tumbo?

Hapa mjadala bado ni mbichi. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliwagawa watu 120 wenye afya na kuwapa baadhi yao sakarini, sukralozi, aspatemi au stevia kwa wiki mbili, chini ya vikomo. Bakteria wa tumbo walibadilika, na waliopewa sakarini na sukralozi walionyesha mabadiliko katika jinsi mwili ulivyoshughulikia glukosi. Haikuwa sawa kwa kila mtu. Wiki mbili hazitoshi kujua kama mabadiliko hayo huleta ugonjwa, lakini yanatosha kumnyamazisha anayesema vitu hivi hupita tu mwilini bila kugusa chochote.

16. Erithritoli na mshtuko wa moyo?

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Cleveland Clinic ya Marekani waliripoti kwamba wenye kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka uliofuata wakaripoti jambo kama hilo kwa zailitoli. Wengi wa waliochunguzwa tayari walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo, na mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kiasi, kwa hiyo tahadhari ya swali la 11 inahusika. Hata hivyo, waliojitolea kunywa gramu 30 kwa mkupuo walibaki na kiwango kikubwa kwenye damu kwa zaidi ya siku mbili, na maabara ilionyesha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikigandana kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mwenye historia ya kiharusi au moyo, sioni sababu ya kuoka keki na gramu 200 za kitu hiki wakati anaweza kula papai.

## Watoto na wajawazito

17. Mtoto anaweza kupewa?

Kwa mtoto mchanga na anayeanza kula, hapana. Ulaya hairuhusu viongeza utamu kwenye vyakula vya watoto wa chini ya miaka mitatu, na ni busara hata pasipo sheria. Kwa mkubwa zaidi, tatizo ni uzito wake mdogo: mtoto wa kilo 15 hufika kikomo cha aspatemi kwa makopo mawili au matatu, si tisa. Kopo moja kwenye sherehe ya kuzaliwa halina neno. Chupa ya kila siku kwenye begi la shule, zero au ya kawaida, sikubaliani nayo; maji yapo.

18. Nina mimba. Niache?

Vilivyoidhinishwa havikuthibitika kudhuru mimba ndani ya vikomo, ila sakarini huvuka kondo la nyuma, kwa hiyo wengi hushauri iepukwe. Ukiambiwa una kisukari cha mimba, uliza kliniki kabla ya kubadilisha chochote.

19. Mbona lebo inaonya kuhusu fenilalanini?

Ni kwa ajili ya watu wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao mwili wao hauwezi kuimeng'enya. Kwao aspatemi ni marufuku. Wewe usiye nao, kuku na maharage hukupa fenilalanini nyingi kuliko soda.

## Mtaani kwetu

20. Juisi za mtaani, barafu za shuleni na ubuyu: zinatiwa nini?

Ukiwa huoni lebo, huna njia ya kujua kwa ulimi. Sababu ya muuzaji kujaribiwa ni rahisi kuielewa. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei kupaa, barafu na juisi za kwenye mfuko hazikuweza kupandishwa bei sawasawa, kwa kuwa mteja ni mtoto mwenye sarafu moja mkononi. Kijiko kimoja cha chai cha sakarini hufanya kazi ya zaidi ya kilo moja ya sukari.

Hatari ipo kwenye kipimo. Kiwandani kuna mizani ya miligramu. Uani kuna kijiko na kuonja. Mchukue mtoto wa darasa la pili mwenye kilo 20. Kikomo chake cha sakarini ni miligramu 100, utamu wa kama gramu 30 za sukari: kikombe kimoja kikubwa cha juisi tamu kimekimaliza. Saiklameti ni mbaya zaidi kwa sababu ya ule udhaifu wake. Kikomo chake ni miligramu 220, ambazo utamu wake ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Kikombe cha juisi iliyotiwa utamu kwa saiklameti peke yake, kwa ladha ya kawaida ya mtaani, kinampitisha kwa zaidi ya mara mbili. Akinywa leo tu, hatapata kitu. Akinywa kila siku ya shule, hakuna daktari atakayekuambia kiasi alichokula, maana hata aliyetengeneza hajui.

Si kila muuzaji anafanya hivi, na wapo wanaotumia sukari na kusema wazi. Muulize mama anayeuza karibu na shule ya mwanao, kwa adabu, anatia nini. Ukionja na kubaki na uchungu kama wa chuma nyuma ya ulimi, hiyo ni dalili ya sakarini nyingi, ingawa asiyeionja anaweza pia kuwa ameinywa. Ukwaju na embe kipindi cha msimu havihitaji kusaidiwa sana.

21. Nani anasimamia, na nikiwa na shaka niende wapi?

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi Ubungo. Tangu mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula ilihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Wengi bado wanapeleka malalamiko ya chakula TMDA. Nenda na bidhaa yenyewe ikiwa haijafunguliwa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na risiti kama ipo. Kwa vinavyouzwa mtaani bila pakiti, anza na bwana afya wa kata.

Makopo ya vidonge vya utamu yanayouzwa kwenye meza za Kariakoo yakiwa na maandishi ya lugha usiyoisoma pekee, yaache. Namba za swali la 3 huna pa kuzitafuta.

22. Niitie kwenye chai ikiwa inachemka? Na kuoka je?

Aspatemi hupoteza utamu ikichemshwa muda mrefu, kwa hiyo itie kikombeni, si sufuriani. Sakarini, asesulfemi-K na stevia huvumilia moto. Sukralozi haina neno kwenye chai, lakini taasisi ya Ujerumani ya kupima hatari za chakula, BfR, ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba ikipashwa zaidi ya nyuzi 120 inaweza kutoa kemikali zenye klorini zisizotakiwa. Kwa keki na visheti, tumia sukari kidogo kuliko kawaida. Kiongeza utamu hakileti rangi ya kahawia wala hakijazi ujazo, na visheti vyako vitakuaibisha.

23. Soda ya diet iliyokaa juani inakuwa sumu?

Inakuwa mbaya mdomoni. Joto la Dar huvunja aspatemi, utamu unapungua. Baadhi ya mabaki ni yaleyale ambayo tumbo lingeyatengeneza (swali la 10).

24. Angalau meno yanapona?

Bakteria wa mdomoni hawazili, kwa hiyo haziozeshi jino kama sukari. Ila asidi ya soda yenyewe, zero au ya kawaida, bado inakwangua enameli, gamba gumu la nje la jino. Bigijii ya zailitoli baada ya kula ni jambo zuri.

25. Mbwa wangu amekula bigijii yangu.

Kama ina zailitoli, E967, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje dalili. Kwa mbwa huchochea insulini nyingi ghafla, sukari yake inaanguka ndani ya saa moja au chini ya hapo, na ini linaweza kuharibika. Beba na pakiti.